Umeambiwa "kazi imekushinda"? Mwongozo kamili kuanzia karatasi ya HR mpaka CMA

Kibarua hakioti nyasi kwa siku moja, dalili unaziona kabisa. Supavaiza aliyekuwa anakutania ghafla anawasiliana na wewe kwa imeili tu, tageti zinapanda bila kikao chochote, halafu siku moja HR anakuita anakusogezea karatasi imeandikwa "utendaji usioridhisha" na anataka usaini hapo hapo. Wengi tunasaini. Wengine wanapandwa na hasira wanabamiza mlango na kuondoka, na hao nao wanakuwa wamejimaliza wenyewe, maana kesho yake inaandikwa mtoro.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa miaka kadhaa, kiwanda sikitaji, na kesi nyingi nilizosindikiza hazikuwa za wizi wala ulevi, zilikuwa za hayo maneno mawili tu, eti kazi imekushinda. Na swali lililokuja kumbana mwajiri karibu kila mara lilikuwa dogo sana: ulimfundisha lini? Basi mwongozo wote huu nauzungusha kwenye swali hilo.

Kwanza, inakuhusu?

Naongelea Tanzania Bara, sekta binafsi, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria zao za mwaka 2005 kwa hiyo huko utaratibu ni mwingine. Askari wa JWTZ, polisi, magereza na JKT hawamo. Mtumishi wa umma naye kuna ngazi za malalamiko za utumishi wa umma anatakiwa azimalize kwanza, usikimbilie CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi) ukarudishwa mlangoni.

Halafu kuna ishu ya muda. Kama una chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, sehemu ya sheria inayozuia kuachishwa kazi isivyo haki haikulindi. Haimaanishi huna haki yoyote, mshahara wa siku ulizofanya kazi unaudai kama kawaida, ila ile hoja ya "ameniachisha bila sababu ya msingi" huna. Kwa walio kwenye kipindi cha majaribio, kanuni zinasema kisizidi miezi 12, na hata humo ndani mwajiri anatakiwa akupime, akuambie unapokosea na akuelekeze, sio anakaa kimya miezi mitano halafu anakuita kukuaga.

Hatua ya 1: Jua umeshikwa kwa kosa gani

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Kuna makosa ya nidhamu na kuna kushindwa kazi, ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina njia yake. Nidhamu ni umeiba, umepigana, umetoroka kazini, umekataa amri halali. Kushindwa kazi ni umekuja, umejituma, lakini matokeo hayafiki kiwango. Mwajiri mjanja anavichanganya makusudi, anaandika "uzembe" kwa sababu uzembe unaingia kwenye nidhamu na kwenye nidhamu halazimiki kukufundisha kitu.

Kwa hiyo barua ikija isome taratibu. Kama imeandikwa uzembe lakini maelezo yake yote ni tageti haijafika, katoni zilizoharibika, mashine iliyokwama, basi kwenye majibu yako andika wazi kwamba hili ni suala la utendaji na uliza umepewa mafunzo gani ya kuliondoa. Sentensi moja tu inatosha ila iwepo, utaishukuru baadaye.

Kwenye kushindwa kazi, zile kanuni za utendaji bora zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007 zinamtaka mwajiri apitie maswali kadhaa kabla hajakuondoa. Kiwango kilikuwepo? Ulikijua, au ulipaswa kukijua? Kinafikika kwa binadamu wa kawaida? Umeshindwa kwa nini, na je, sehemu ya tatizo haitokani na yeye mwenyewe? Ulipewa nafasi ya kweli ya kujirekebisha? Tena zinamtaka akupe maelekezo au mafunzo pale yanapohitajika, na muda wa kutosha wa kubadilika. Muda huo haujaandikwa kwa siku, unategemea aina ya kazi, umeshindwa kwa kiasi gani, umekaa hapo miaka mingapi na rekodi yako ikoje. Mtu wa miaka 8 mwenye rekodi safi hawezi kupewa wiki moja.

Niwe mkweli lakini, kwa meneja au mtaalamu wa ngazi ya juu hoja ya mafunzo inapungua nguvu. Mhasibu mkuu hawezi kusimama aseme hakufundishwa kufunga hesabu za mwezi. Kwa opareta, karani, muuzaji, dereva aliyehamishiwa gari la aina nyingine, hoja inasimama vizuri tu.

Hatua ya 2: Nunua daftari

Nacheka kila nikisema hivi maana vijana wananiangalia kama mzee aliyepitwa na wakati. Daftari la kawaida, likae nyumbani, sio kwenye kabati la ofisini, siku ukizuiwa getini kabati limebaki ndani. Andika tarehe, kilichotokea, nani alikuwepo. Mashine imesimama saa nne mpaka saa saba, fundi kaitwa hakuja. Leo tumeletewa mfumo mpya wa stoo, tumeonyeshwa dakika kumi na tano tumesimama. Leo nimemuomba supavaiza anielekeze kasema nitazoea.

Sambamba na daftari tunza mkataba, slipu za mshahara, barua ya kuthibitishwa kazini, maelezo ya kazi yako kama ulipewa, tathmini za nyuma hasa zile nzuri. Ujumbe wa WhatsApp usifute, skrinishoti ni sawa lakini na ujumbe wenyewe ubaki kwenye simu. Usichukue nyaraka za siri za kampuni ambazo hazikuhusu, utageuziwa kesi iwe ya nidhamu na hapo umewapa ulichokuwa unawanyima.

Kuna kesi moja nitaitumia mpaka mwisho. Opareta wa mashine ya kufungasha, miaka sita kazini, hajawahi kupewa onyo. Ikaja mashine mpya ya kompyuta, fundi aliyeifunga akafundisha shifti ya mchana tu, huyu alikuwa shifti ya usiku. Miezi mitatu baadaye anaambiwa kazi imemshinda. Kilichomuokoa ni kwamba ile tarehe ya fundi alikuwa ameiandika, na kuna mwenzake wa shifti ya mchana aliyekubali kuja kusema.

Hatua ya 3: Omba mafunzo, na uombe kwa maandishi

Ukiona dalili tu, usisubiri barua. Andika imeili au barua fupi kwa supavaiza na nakala kwa HR: tangu tarehe fulani tunatumia mfumo fulani, kuna maeneo haya na haya sijaelekezwa, naomba mafunzo ili nifikie kiwango. Basi, bila lawama wala vijembe. Ukipeleka kwa mkono, toka na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wakigoma kugonga piga picha ukiwa umeishika hapo mapokezi na uitume kwa imeili pia.

Watu wanaogopa, wanasema nikiomba mafunzo si nimekiri sijui kazi. Nakuelewa ila pima mwenyewe. Kama umeomba na hujapewa, mzigo uko kwao. Kama hujaomba kabisa, watasema walidhani unajua.

Mabosi wengine watakwambia mafunzo yanalipiwa serikalini kupitia SDL. Hiyo ni tozo ya kuendeleza ujuzi, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea analipa asilimia fulani ya mishahara anayolipa (ilikuwa 4, ikashushwa kuwa 3.5 mwaka 2023) na sehemu yake inakwenda kwenye vyuo vya ufundi stadi. Ni mzigo wa mwajiri, haitakiwi kukatwa kwenye mshahara wako, ukiiona kwenye makato ya slipu yako uliza siku hiyo hiyo. Na kulipa hiyo tozo hakumfutii jukumu la kukuelekeza kwenye mashine yake mwenyewe.

Akikupeleka kozi vizuri, lakini soma unachosaini. Mara nyingi kuna karatasi ya kwamba ukiondoka kabla ya muda fulani utarudisha gharama. Usisaini bila kuona kiasi na muda vimeandikwa, na mwajiri asikukate mshahara kwa deni la namna hiyo kama hakuna makubaliano ya maandishi.

Hatua ya 4: Kikao

Kabla ya kukuachisha lazima akuite mkae, usikilizwe. Una haki ya kwenda na kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kama wamekipeleka kinidhamu, muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48 tangu upewe taarifa, ukiitwa asubuhi kikao mchana andika kwamba unaomba muda na unasema kwa nini.

Ndani ya kikao ongea kidogo. Kiwango gani sijafikia, kimeandikwa wapi, nilikijulishwa lini, nilifundishwa lini na nani, baada ya mafunzo nilipewa muda gani. Kama unao mfano wa wenzako waliofanya vibaya zaidi na hawajaguswa utaje, lakini usiwachome majina wenzako bila sababu, utawahitaji kama mashahidi.

Muhtasari wa kikao usome kabla ya kusaini. Kama kuna kitu hakipo kiandike kwa mkono wako pembeni ndo usaini. Kusaini kupokea barua sio kukubali, andika tu "nimepokea, sikubaliani na yaliyomo" na tarehe.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote, na huu huwa unakuja kwa sauti ya upole kabisa: "Mdogo wangu, andika tu barua ya kuacha kazi mwenyewe, tukupe chako uondoke na heshima yako." Ukiandika umejiuzulu. Unahama kutoka kwa mtu aliyeachishwa kwenda kwa mtu aliyeondoka kwa hiari yake, na kuja kuthibitisha kwamba ulishinikizwa ni kazi yako wewe. Sheria inatambua kujiuzulu kwa kulazimishwa, lakini ni mlima. Usiandike. Sema unaomba siku ya kufikiria, nenda nyumbani.

Hatua ya 5: Barua imetoka, piga hesabu zako

Tuseme umeachishwa. Usianze na hasira, anza na kalamu. Unadai mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, malipo ya notisi kama hawakukupa notisi (kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28), kiinua mgongo, nauli na usafirishaji wa mizigo kama uliajiriwa sehemu nyingine ukaletwa ulipo, na cheti cha utumishi.

Kiinua mgongo ndo kinachochanganya watu. Ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na uwe umefikisha miezi 12 mfululizo. Ukiondolewa kihalali kwa utovu wa nidhamu hukipati, ndo maana nilisema kule juu hilo neno "uzembe" usiliache lipite. Yule opareta mshahara wake wa msingi tuseme ni 520,000. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wiki, halafu wiki kwa siku unazofanya kazi, kwa mtu wa siku sita inakuja kama 20,000 kwa siku. Mara 7 ni 140,000. Mara miaka sita ni 840,000. Hiyo ni stahili yake ya kawaida kabisa, fidia ya kuachishwa isivyo haki ni hela nyingine juu ya hapo.

Likizo ni siku 28 kwa mzunguko wa mwaka, na kwa mwaka ambao haujaisha inahesabiwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Wakikupa karatasi ya malipo imeandikwa "sina madai mengine yoyote" usisaini hivyo hivyo kama bado unadai, hata kama hela ipo mezani na mtoto anadaiwa ada, najua ni rahisi kusema.

Hatua ya 6: Siku 30. Siku 30. Siku 30.

Nimerudia makusudi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu uachishwe au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho kama ulikata rufaa ndani. Migogoro mingine kama mshahara ambao haujalipwa ni siku 60. Mimi nakushauri uhesabu kuanzia barua ya kwanza kabisa, usicheze na tafsiri. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa kama siku nyingine.

Nimeona kesi nzuri kabisa zikifa hapa. Mtu anapigiwa simu na HR, subiri mkurugenzi yuko safari, subiri tunaongea na bodi, wiki ya tano inafika. Mazungumzo hayasimamishi saa. Ongea nao huku umeshafungua. Ukichelewa kuna fomu namba 2 ya kuomba muda, lakini unatakiwa ueleze kuchelewa kwako siku baada ya siku na sababu iwe nzito, "nilikuwa nasubiri" haina uzito.

Unachojaza ni CMA Fomu Namba 1. Ofisi za tume zipo mikoani, unakwenda ile ya eneo mgogoro ulipotokea, na huduma hailipiwi, mtu akikuomba hela ya fomu ujue anakupiga. Jaza jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba au slipu, sio jina la kwenye bango la duka, maana tuzo (yaani uamuzi wa tume) ikitoka kwa jina ambalo halipo kisheria utakamata nani? Weka alama kwenye aina sahihi ya mgogoro. Kama ni kuachishwa kazi kuna sehemu B ya fomu, usiiache wazi. Kama mkataba wako ulikuwa wa muda maalum na umekatishwa katikati, mara nyingi kinachodaiwa ni kuvunja mkataba na miezi iliyobaki, uliza kabla hujaweka tiki. Na andika kila unachodai pamoja na kiasi, kitu ambacho hakimo kwenye fomu huji kupewa mbele ya safari.

Nakala anapewa mwajiri kwanza, anasaini kupokea, ndo unarudisha fomu tume ukiwa na huo uthibitisho. Akikataa kupokea iandike hivyo na nani alikuwepo, waeleze tume.

Hatua ya 7: Usuluhishi

Mnaitwa mezani na msuluhishi, muda wake ni siku 30 labda mkubaliane kuongeza. Yanayosemwa pale ni siri hayaji kutumika dhidi yako baadaye kwa hiyo unaweza kujadiliana kwa uhuru. Usipotokea, malalamiko yanaweza kutupwa. Nenda hata kama mvua imefunga barabara.

Ingia ukiwa na namba mbili kichwani, ile unayoitaka na ile ambayo chini yake hushuki. Mimi binafsi naamini kesi nyingi za kushindwa kazi zinafaa kuisha hapa, mwajiri akishaulizwa na mtu wa tatu "mafunzo alipewa lini" na HR akaanza kufungua mafaili yasiyo na kitu, bei inapanda yenyewe. Mkikubaliana iandikwe, kiasi, tarehe ya kulipa, njia ya kulipa, halafu msaini wote. Hayo makubaliano yana nguvu ya kutekelezwa.

Hatua ya 8: Uamuzi

Ikishindikana inakwenda kwa mwamuzi, sasa hii ni kama mahakama. Unaweza kuwakilishwa na chama chako (TUICO, CHODAWU, TAMICO au kingine kinachohusika na sekta yako) au wakili. Uzuri wake ni kwamba kwenye kuachishwa kazi mwajiri ndo anaanza, yeye ndo anatakiwa athibitishe kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Wewe ukae usikilize, uandike, halafu uulize maswali mashahidi wake. Usiwagombeze. Kwa yule opareta swali lililomaliza kazi aliulizwa meneja uzalishaji: fundi wa mashine alikuja shifti gani? Akajibu mchana. Na huyu alikuwa shifti gani? Kimya.

Mwamuzi akiona umeonewa anaweza kuamuru urudishwe kazini, uajiriwe upya, au ulipwe fidia ya mishahara ya miezi. Asiyeridhika na tuzo anakwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba marejeo ndani ya wiki sita tangu aipate. Mwajiri asipofanya hivyo na halipi, unaipeleka wewe tuzo mahakamani ikakaziwe kama hukumu.

Kitu wengi wanasahau: cheti cha utumishi

Hiki unapewa uwe umeshinda au umeshindwa, umeondolewa kwa amani au kwa vita. Kidai. Kwa fundi aliyejifunzia kazini bila cheti cha chuo kina faida ya ziada, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi ulioupata nje ya darasa, unapimwa unachoweza kufanya, kinachokosekana unaongezewa, unatoka na cheti. Wanataka kuona umefanya nini na kwa muda gani, kwa hiyo nenda na cheti cha utumishi, picha za kazi zako na lile daftari. Yule opareta alikwenda nalo.